Kolera ya Goma: mgeni au mwenyeji?

Kila kolera, yaani kipindupindu, inapozuka Goma, mwenye kosa hupatikana kabla sampuli haijafika maabara. Safari hii ni wadeplase, wale waliokimbia vita, wa Mugunga. Safari iliyopita walikuwa wavuvi wa Minova. Kuna waliosema ni sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wasiokauka vizuri, na wengine waliapa kwamba ugonjwa umevuka mpaka wa Rwanda, pale Petite Barrière, pamoja na biashara ya asubuhi. Mimi mwenyewe nilishuhudia, upande wa Kyeshero, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akitolewa kwenye foleni ya robine, bomba la maji, bidoni lake la njano likiwa tupu, kwa kuwa lafudhi yake ilionyesha ametokea Masisi. Hakuna aliyempima. Walimsikia akisema, ikatosha.

Hata hivyo, swali walilokuwa nalo watu wale ni la haki: imetoka wapi? Mtu aliyemzika mtoto ana haki ya kuliuliza, na mimi nataka tuliulize kwa nguvu zaidi. Ninachokataa ni kulijibu kwa lafudhi ya mtu, wakati jibu limeandikwa ndani ya bakteria mwenyewe na siku hizi linasomeka.

Tuanze na jambo ambalo matangazo ya redio hayalifikii. Kusema "ni kolera" ni kama kusema "ni Mkongomani": umesema kweli, lakini hujasema ni wa nani. Vibrio cholerae ana makundi zaidi ya 200 yanayotofautishwa kwa ganda lake la nje, na kati ya hayo ni mawili tu, O1 na O139, yanayoleta milipuko mikubwa. Ndani ya O1 kuna vikundi vidogo, Ogawa na Inaba. Kuna pia aina ya zamani na aina ya El Tor, iliyopewa jina la kituo cha karantini huko Sinai ilikogunduliwa mwaka 1905. El Tor ndiye aliyeanzisha janga la saba la kolera duniani, mwaka 1961, katika kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia. Afrika alitia mguu mwaka 1970. Janga hilo la saba halijaisha. Kolera yetu ya leo ni sehemu yake.

Kwa miaka mingi ripoti iliishia hapo: "O1, El Tor, Ogawa". Ukipata Ogawa Goma na Ogawa Kalemie, je, ni ugonjwa uleule umesafiri? Huwezi kujua. Tena bakteria wa ukoo mmoja anaweza kuwa Ogawa leo na Inaba kesho, kwa badiliko dogo katika jeni moja tu. Amebadili koti, mtu ni yuleyule. Nimewahi kusikia watu wenye elimu wakisema "safari hii ni kolera nyingine kabisa" kwa sababu tu karatasi ya maabara iliandikwa Inaba.

Ndipo jenetiki ilipoingia. Njia ya kwanza iliyoenea sana ilikuwa kukata DNA ya bakteria kwa vimeng'enya, kisha kuvivuta vipande kwa umeme ndani ya jeli, hadi vijipange kama mistari ya kitambaa. Mistari ikifanana, bakteria ni ndugu. Kwa njia hiyo Marekani ilianzisha mwaka 1996 mtandao wa maabara za kufuatilia sumu za vyakula. Mwaka 1998 ikaja njia ya kusoma jeni chache tu, kwa kawaida saba, na kumpa kila bakteria namba ya ukoo. Uzuri wake ni kwamba namba haitegemei jicho la mtu: maabara ya Goma na ya Paris zikiandika ST69, zimesema kitu kimoja.

Lakini kwa kolera njia hizo zina upofu. Bakteria wa janga la saba wametoka kwa mzazi mmoja si zamani sana, na karibu wote wanaangukia namba ileile, ST69. Ni kama kuingia kanisani Jumapili ukiwa na amri ya kumtafuta mtu aliyevaa kitenge.

Mama wanaouza vitenge katika soko la Virunga wangecheka kusikia hilo, maana wao wana njia yao. Ukiwapelekea vipande viwili vya rangi na maua yaleyale, hawatazami maua. Wanatafuta kosa: nukta ya wino iliyodondoka, jani lililokosa ncha. Kosa hilo likiwapo kwenye vipande vyote viwili, vimetoka balo moja. Kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria, ni kazi hiyohiyo. Jenomu ya Vibrio cholerae ina herufi kama milioni 4, zilizogawanywa katika kromosomu mbili. Ilisomwa yote kwa mara ya kwanza na kuchapishwa mwaka 2000. Bakteria anapojinakili hukosea mara chache, na kosa lake hurithiwa na watoto wake wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba ukoo wa janga la saba hujikusanyia makosa kama 3.3 kwa mwaka. Ukihesabu makosa ambayo bakteria wawili wanashiriki na yale wasiyoshiriki, unajua ni ndugu wa karibu kiasi gani, na babu yao aliishi takriban lini.

Ushahidi wa namna hii ulivyo na nguvu, Haiti inajua. Kwa karne nzima nchi ile haikuwa na kolera, kisha Oktoba 2010 ikalipuka kandokando ya mto Artibonite. Watu wa huko walinyoosha kidole kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepali, karibu na Mirebalais, ambayo kinyesi chake kiliingia kwenye kijito kinachomwaga maji yake Artibonite. Waliambiwa wasitafute wa kulaumiwa. Renaud Piarroux, daktari Mfaransa ambaye alikuwa ameshachunguza kolera ya Kongo, alifuata mto kijiji kwa kijiji akaonyesha kwamba wagonjwa wa kwanza walikuwa chini ya kambi hiyo. Mwaka 2011 jenomu za bakteria 24 kutoka Nepali zikalinganishwa na za Haiti, na baadhi zikatofautiana kwa herufi moja au mbili tu kati ya hizo milioni 4. Ilichukua hadi Desemba 2016 kwa Ban Ki-moon kuwaomba radhi Wahaiti. Wagonjwa walikuwa kama 800,000, na waliokufa walikaribia 10,000.

Ninaikumbuka Haiti kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa kawaida walikuwa wameona sawasawa, na wakubwa ndio waliochelewa. Pili, jenomu haikufanya kazi peke yake. Ilikutana na miguu ya mtu aliyetembea kandokando ya mto akiuliza nani aliugua lini. Bila miguu hiyo, tungejua tu kwamba bakteria wa Haiti ana ndugu Nepali.

Ujerumani inatufundisha upande mwingine. Mwaka 2011 bakteria wa E. koli aina ya O104:H4 aliua zaidi ya watu 50 huko. Maofisa waliharakisha kuyalaumu matango ya Uhispania, na wakulima wa Uhispania wakatupa mazao yao. Vipimo vya makini vya kutofautisha aina za E. koli vilionyesha kuwa bakteria waliokuwa kwenye matango yale si wale waliokuwa matumboni mwa wagonjwa. Chanzo kilikuwa chipukizi za mbegu za uwatu. Matango yalisafishwa jina yakiwa yameshaoza.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mkubwa wa jenomu zaidi ya elfu moja za kolera, nyingi za Afrika, zilizokusanywa kwa karibu miaka 50. Ulionyesha kwamba tangu 1970 kolera ya janga la saba imeingia Afrika kutoka Asia angalau mara 11, na kila mara mgeni aliyeingia alipewa namba ya tawi lake. La kwetu, katika nchi za Maziwa Makuu, ni T10. Mwaka 2020 ukafuata utafiti wa bakteria waliokusanywa mashariki mwa Kongo kati ya 2014 na 2017. Wagonjwa walikuwa wa miaka tofauti na miji tofauti, lakini tawi lilikuwa moja: T10, likiwa na ST69 na binamu yake wa karibu, ST515.

Naomba msomaji akae kidogo na jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Kama kila mlipuko wetu ungeletwa na mgeni mpya, tungeona matawi mbalimbali: mwaka huu T10, mwaka kesho lingine lililopanda ndege au meli. Badala yake tunaona tawi lilelile, linazaa na kujukuu hapahapa. Kolera ya Goma haiji. Inakaa. Ni mwenyeji.

Kwa hiyo wadeplase wanaotuhumiwa kuileta mara nyingi ndio wanaoikuta. Hata mwaka 1994 ilikuwa hivyo. Kolera ilikuwa imeshaishi kandokando ya maziwa haya tangu miaka ya 1970, na mwezi Julai wa mwaka ule mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wakamiminika ndani ya siku chache kwenye ardhi ya lava isiyochimbika choo wala kaburi. Watu karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, kwa kolera, kisha kwa kuhara damu kulikoletwa na bakteria mwingine kabisa, Shigella dysenteriae. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka mikeka iliyolazwa kandokando ya barabara, na nakumbuka tulikatazwa kuuliza ndani ya mikeka mna nini. Mpaka leo kuna watu wazima katika mji huu wanaosema "wale walituletea kolera".

Kuna pia wanaolilaumu ziwa. Hawa nawaelewa zaidi, kwa sababu wana hoja. Mtafiti wetu Didier Bompangue na wenzake, akiwemo huyohuyo Piarroux, walionyesha mwaka 2008 kwamba milipuko ya Kongo huanzia kwenye miji ya kando ya maziwa, Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie, kabla ya kuenea kwingine. Wengi walisoma "maziwa" wakasikia "maji yenyewe", kana kwamba Kivu linazaa kolera kama linavyozaa gesi. Utafiti wa 2017 uliwaelekea binadamu zaidi: njia za kolera barani zinafuata njia za watu. Mimi sioni ugomvi hapo. Ziwa kwetu ni barabara, ni soko, na umeme ukikatika ndilo robine. Watu wanaosafiri, wanaouza, wanaochota maji na wasio na choo wanakutana ufukoni. Jenomu inaweza kukuambia nani ni ndugu wa nani. Haikuambii walilala wapi usiku.

Hapa lazima niseme wazi mpaka wa sayansi hii, kwa sababu itakuja siku mtu atasimama na karatasi yenye mti wa nasaba na kudai kwamba "maabara imethibitisha" kambi fulani imeambukiza kartye (mtaa) fulani. Rudi kwenye ile hesabu: makosa 3.3 kwa mwaka. Mlipuko wa wiki sita unatarajiwa kuzaa tofauti ya chini ya herufi moja. Bakteria wa Birere na wa Kanyaruchinya, wakiwa wa mlipuko mmoja, wanaweza kufanana herufi kwa herufi. Njia hii inaona vizuri nchi kwa nchi na mwaka kwa mwaka, lakini mlango kwa mlango haioni. Anayeitumia kumhukumu jirani anaisingizia.

Basi ikiwa tumeshajua ni T10, kwa nini tuendelee kusoma jenomu? Nimeulizwa hivyo na muuguzi mmoja aliyechoka, na swali lake lilikuwa na uzito, maana alikuwa anahitaji serumu, maji ya kumtundikia mgonjwa, kuliko nasaba.

Nilimjibu kuhusu Yemeni. Katika miaka ya 2018 na 2019, kolera ya Yemeni ilijipatia plazimidi, kile kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana kama deni, chenye jeni za kukataa dawa nyingi kwa mpigo. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur walifuatilia ukoo huo sugu: Lebanoni mwaka 2022, Kenya mwaka 2023, na mwaka 2024 Tanzania, Komoro na Mayotte. Unakataa dawa kumi, zikiwemo azithromaisini na sipro. Doksisaiklini bado inauweza. Tazama ramani: Lebanoni ni mbali, Tanzania si mbali. Malori yanayoleta bidhaa Goma yanatoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Siku mgeni huyo atakapofika, kwa macho atafanana kabisa na mwenyeji: maji yaleyale meupe kama ya mchele, kijiti kilekile cha kipimo cha haraka kikionyesha mistari ileile. Tofauti itaonekana mgonjwa wa tatu, wa nne, anapopewa dawa isiyofanya kazi. Au itaonekana mapema, kama kuna anayesoma.

Je, yupo? Goma ina maabara ya Rodolphe Mérieux ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na ina watu. Mkoa huu umeshafanya kazi ngumu kuliko hii. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wataalamu wa INRB walisoma jenomu za virusi hapahapa Kivu Kaskazini huku vita vikiendelea. Ebola iliporudi upande wa Butembo Februari 2021, jenomu ilionyesha kwamba haikutoka msituni upya. Ilikuwa mwendelezo wa ile iliyopita, iliyojificha ndani ya mwili wa aliyepona. Mgeni au mwenyeji: swali ni lilelile, na jibu lilibadilisha kazi, kutoka kuwatafuta wanyama hadi kuwatunza waliopona.

Kwa kolera tatizo liko mwanzoni mwa safari. Kipimo cha kijiti kinatosha kuanza matibabu, kwa hiyo mara nyingi mambo huishia hapo. Lakini kijiti hakisomi jenomu. Ili usome jenomu kwa uhakika unahitaji bakteria hai: pamba iliyochovywa kwenye kinyesi na kuwekwa kwenye kichupa cha kusafirishia, ambamo bakteria huvumilia siku kadhaa bila friji, kisha maabara imwoteshe hadi zitokee zile duara za njano wanazozijua vijana wa labo. Pamba hiyo ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu baada ya dawa huenda asiote. Ni kazi ya dakika mbili. Inasahaulika kwa sababu anayeichukua haoni faida yake: sampuli inaondoka, na jibu, likija, linakuja kama makala ya kisayansi miaka mitatu baadaye, kwa Kiingereza.

Tangu Januari 2025, mji ulipotekwa na uwanja wa ndege kufungwa, hata njia ya kwenda Kinshasa imekuwa kitendawili. Kwa hiyo kusema "tutapeleka Kinshasa" au "tutapeleka Ulaya" ni kusema hatutapeleka. Zipo mashine za kusomea jenomu zinazoshikika kiganjani. Kisomwe hapa kinachoweza kusomwa hapa, na jibu lirudi kwenye zone de santé, eneo la afya, iliyotoa sampuli ndani ya wiki mbili, kwa sentensi mbili za Kiswahili: ni tawi gani, na dawa gani bado inafanya kazi. Yule muuguzi aliyechoka atachukua pamba bila kusukumwa akijua kuna sentensi hizo mbili zinamrudia.

Na wafadhili wasije wakafikiri mashine itachukua nafasi ya bomba. Jibu la "mwenyeji" lina gharama yake. Kama ugonjwa ungekuwa mgeni, tungeweza kuweka watu mpakani na kungoja. Mwenyeji hafukuzwi mpakani. Anaondolewa kwa mabomba, na historia ya mabomba ya Goma tunaijua: Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliharibu hifadhi ya maji na kuacha watu kama nusu milioni bila maji safi, Januari 2025 umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, watu wakashuka ziwani na mabidoni. Kila mara kolera ilikuwa palepale. Mwanasiasa anayesema kolera imeletwa na fulani anajiondolea deni hilo la mabomba, na sasa tuna herufi milioni 4 za kumkatalia.

Yule mama wa Masisi, siku ile ya Kyeshero, hakubishana. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaokota bidoni lake, akashuka njia ya Kituku kuchota ziwani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na vijana wanaotia klori ufukoni walikuwa wameshaondoka.